Kuni za Chemchemi

Mlinzi wa geti kuu alimjua vizuri, na ndiyo maana alimzuia. Wageni wa hoteli ile huingia kwa magari, vioo vimepandishwa. Wafanyakazi huingia kwa mlango mdogo wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Sasa leo mtu wa kule nyuma amesimama hapa mbele, shati limepigwa pasi mpaka linakaribia kusimama lenyewe. Kushoto kwake yuko mkewe, kulia mama yake mzazi na fimbo yake, na chini kuna begi la kuazima lenye zipu mbovu.

"Moshi, umepotea njia," mlinzi alisema. "Kwenu ni kule."

"Leo mimi ni mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa hoteli. Piga simu mapokezi uulize."

Mlinzi akapiga, akasikiliza, akamtazama juu mpaka chini, akasikiliza tena. Alipofungua alifungua geti lote, mabawa mawili, kama anavyoyafungulia mabasi ya watalii, na watu watatu wakapita katikati kwa miguu.

"Moshi ndiyo nani?" mkewe aliuliza walipofika mbali kidogo.

"Utani wa kazini."

Mkewe hakuendelea, ila neno lilimkaa. Yeye alijua mumewe yuko dobi, anabeba mashuka. Kila jioni mwanamume huyo alirudi nyumbani ameshaoga, ananukia sabuni ya hoteli. Moshi wa wapi tena?

Zawadi ilitangazwa kwenye mkutano wa wafanyakazi: mfanyakazi bora wa mwaka, yeye, mke na mzazi mmoja, watalala hotelini siku mbili, kula na kuogelea bure. Watu walipiga makofi huku wakitazamana, maana miaka yote zawadi hiyo ilikuwa birika, na ilikuwa ikienda kwa wapishi. Hakuna aliyeuliza huyo mzazi mmoja ametoka wapi. Mwenye zawadi ndiye kabisa hakuuliza, kwa kuwa furaha ilikuwa imemziba masikio.

Pale mapokezi msichana aliwaletea sinia lenye vitaulo vyeupe vilivyokunjwa, vinafuka mvuke. Mama akachukua kimoja, akajifuta uso, shingo, nyuma ya masikio, kisha akainama akafuta na miguu yake yenye vumbi la safari. Kitaulo kikawa rangi ya udongo. Msichana wa mapokezi alikipokea kwa ncha za vidole viwili, akiwa bado anatabasamu. Mgeni mmoja aliyekuwa akijaza fomu yake pembeni aligeuka kutazama ukuta.

"Maji ya moto," mama alimwambia mkaza mwanawe kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nimeshasahau yalivyo."

*

Aliyewapeleka chumbani ni mhudumu wa vyumba ambaye hoteli nzima inamwita Mama Mashuka. Yeye na Moshi walikula pamoja kila mchana kwenye benchi la nyuma, sahani mapajani. Leo alitembea mbele yake amebeba begi lile la zipu mbovu.

"Nipe nibebe mwenyewe," Moshi alisema.

"Acha, bwana mkubwa. Ukionekana umebeba wewe, nitaulizwa."

"Dada, usinitanie."

"Nani anatania? Karibu, bwana mkubwa. Shemeji, karibu. Mama, shikamoo, pita."

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko nyumba yao yote. Mke alisimama mlangoni, viatu mkononi, akiogopa zulia. Juu ya kitanda kulikuwa na taulo lililokunjwa likawa ndege mwenye shingo ndefu. Mama alimzunguka ndege yule, akakataa katakata kukaa karibu naye.

"Nikimharibu, nani atamkunja tena?"

"Mimi, mama," Mama Mashuka alisema. "Nakunja arobaini kila asubuhi. Mkalie tu."

Mama hakumkalia. Alikaa kwenye kiti, akatoa mkobani kile kichupa chake cha dawa za presha, akakiweka mezani pale atakapokiona. Mwaka uliopita alianguka jikoni, mdomo ukaenda upande na mkono ukafa ganzi. Hospitali walimrudisha, lakini daktari alimwita mwanawe pembeni akamwambia dawa zile si za kuruka hata siku moja. Tangu hapo, kabla ya kula chakula cha jioni, swali la kwanza nyumbani lilikuwa lile lile: mama, umeshameza?

*

Bwawa la chemchemi lilikuwa katikati ya bustani, limezungukwa na mawe meusi, na mvuke ukipanda juu yake taratibu. Maji yalibubujika kati ya mawe mawili makubwa, yakinuka kama yai bovu. Wageni waliokuwa wamejilaza kwenye viti vyao virefu walikuwa wakiisifu harufu hiyo. Maji yangenuka hivyo majumbani mwao, wangemwita fundi wa vyoo.

Pembeni kulikuwa na kibao kizuri cha shaba. Mke, aliyesoma mpaka kidato cha pili, alimsomea mama mkwe wake neno kwa neno: maumivu ya viungo, baridi yabisi, presha, kisukari, kukosa usingizi, huzuni. Maji yatokayo tumboni mwa ardhi husaidia yote hayo.

"Na presha imo?"

"Imo, mama. Hii hapa, ya tatu."

Mama akaingia majini amejifunga nguo yake kifuani. Mlinzi wa bwawa alikuja mbio kusema hairuhusiwi bila vazi la kuogelea, lakini meneja alitokea kwenye kibaraza, mwanamke wa sauti laini sana, akasema, "Mwacheni bibi. Mwacheni kabisa." Mama mmoja aliyekuwa majini na mwanawe alimshika mtoto mkono, wakahamia upande wa pili.

Mama alisogea mpaka pale yanapobubujika.

"Usikae hapo, mama. Hapo utaungua mgongo."

"Umejuaje?"

Moshi akageukia mawe. "Naona mvuke wake," alijibu.

Alijua kwa sababu bomba lililofichwa chini ya mawe hayo alilifukia yeye mwenyewe kwa sepetu. Zamani chemchemi ilikuwa chemchemi kweli, na hoteli ikajengwa kwa ajili yake. Kisha wenye hoteli wakataka vyumba zaidi na bwawa la pili, wakachimba, na katika kuchimba huko mshipa wa maji ukahama. Asubuhi moja wageni waliingia bwawani wakatoka wanatetemeka. Hoteli ikafungwa, wakasema ni ukarabati. Ilipofunguliwa, nyuma ya dobi kulikuwa na boila la kuni linalojaza chumba kizima, na mtu wa kulilisha magogo alikuwa huyu. Maji ya kisima yalichemshwa, yakatiwa chumvi na unga wa njano wa salfa ili yanuke inavyotakiwa, kisha yakasukumwa mpaka kwenye mawe. Waliojua walikuwa wachache. Kila mmoja alionywa kwamba siku atakayofungua mdomo, siku hiyo hiyo unga wake umemwagika. Na Moshi hakuwa na unga mwingine. Nyumba ni ya kupanga, binti yao, aliyeachwa kwa mama yake mdogo kwa siku hizi mbili, anasoma shule ya kulipia, na kazi mjini hakuna.

Kwa hiyo alikula jiwe. Alimtazama mama yake akijiosha mabega kwa maji yale, amefumba macho. Kisha akamwona anafanya jambo ambalo hakulitegemea. Mama aliachia fimbo, akashika ukingo, akashuka taratibu mpaka akapiga magoti kwenye sakafu ya bwawa. Magoti yale yalikuwa yamegoma kukunjika tangu kabla mjukuu wake hajazaliwa.

"Yamekunjika," mama alisema. Machozi yalimtoka, akayachanganya na maji ya uso. "Njooni muone. Yamekunjika."

Mke naye akalia. Kule kibarazani, meneja alikuwa ameweka mkono kifuani.

*

Jioni, kabla ya kushuka kula, Moshi aliuliza swali la kila siku.

"Mama, umeshameza dawa?"

"Dawa gani?"

"Za presha, mama."

"Nimezitupa."

Alicheka, akidhani ni mzaha. Mama alikuwa anajipaka mafuta ya hoteli mikononi, ametulia tuli. Kicheko kikamkatikia njiani.

"Umezitupa wapi?"

"Chooni. Nikabonyeza kile kitufe. Zikazunguka, zikaenda." Akaonyesha kwa kidole zilivyozunguka.

"Zote?"

"Sasa nibakize za nini?"

Moshi aliingia chooni, akapiga magoti, akachungulia ndani ya bakuli lile jeupe. Maji yalikuwa safi, yananukia maua. Alibaki pale ameinama, mtu mzima anatazama choo. Kichupa kitupu kilikuwa kimerudishwa mezani, kifuniko kimefungwa vizuri.

"Mama, daktari alisema nini? Alisema usiruke hata siku moja."

"Kibao kinasema nini? Mkeo amenisomea. Presha ya tatu."

"Kibao kimeandikwa na hoteli."

"Na dawa zimeandikwa na nani? Si daktari? Naye ana mshahara kama hoteli."

"Mama, maji hayatibu presha."

"Umesomea udaktari lini? Si uko dobi?"

Akamgeukia mkewe amsaidie. Mke aliinamisha kichwa, kisha akasema taratibu, kwa heshima zote, "Baba, mimi nimeona kwa macho yangu. Ulimwona lini mama akipiga magoti? Hizo dawa anazimeza miaka na bado alianguka. Labda tumwache ajaribu."

"Ajaribu? Akianguka tena?"

"Mbona unakuwa mkali? Wewe ndiye uliyetuleta kwenye maji."

Hapo neno lilimfika mdomoni, akalimeza. Alitoka akashuka mapokezi kuuliza duka la dawa. Hotelini kulikuwa na duka la mafuta ya kujipaka na mishumaa ya kunukia, na muuguzi ambaye kabati lake lilikuwa na bandeji na vidonge vya kichwa basi. Akamfuata dereva anayekwenda mjini asubuhi kununua mboga, akamwomba apitie duka la dawa, akamwandikia jina la vidonge kwenye kiganja. Alirudi chumbani amepata nafuu kidogo.

"Kesho asubuhi dawa zinakuja, mama."

"Zije," mama alisema. "Kitufe nimeshakijua."

*

Asubuhi mama aliamka kichwa kinamgonga. Kwenye meza ya chai, mbele ya matunda yaliyokatwa nyota nyota, alishika paji la uso kwa viganja viwili.

"Ni ugonjwa unatoka," alisema. "Ukitoka lazima uumize."

"Unaona vizuri?" Moshi aliuliza.

"Naona. Kuna vinyota nyota tu."

Moshi aliweka kikombe chini. Vinyota hivyo vilitangulia pia mwaka jana.

Kabla hajasema kitu meneja alifika mezani kwao, akawasalimia kwa kuinama, akamshika mama bega. "Bibi, hoteli nzima inakuongelea. Nimesikia mpaka dawa umeacha."

"Nimeacha, mwanangu."

"Utakubali kuniambia hivyo hivyo mbele ya kamera? Maneno mawili tu, pale bwawani."

"Nitakosaje? Mmenilaza kwenye kitanda kama kile, nikatae maneno?"

Meneja akacheka, kisha akamwomba mfanyakazi wake bora wasogee pembeni kidogo. Walisimama nyuma ya nguzo.

"Mpiga picha ametoka mbali," alisema. "Tulitaka mtu wa kawaida. Watu wamechoka na warembo kwenye matangazo. Nilivyosikia una mama mgonjwa wa miguu, nikasema basi, huyu huyu."

Moshi alimtazama. "Kwa hiyo zawadi..."

"Zawadi ni zawadi. Umelala vibaya?"

"Meneja, mama yangu ana presha. Mwaka jana alianguka. Sasa hivi anaona vinyota."

"Pole sana. Lakini sisi tumemwambia aache dawa? Tumemwambia?"

"Kibao kinasema."

"Kibao kinasema maji husaidia. Kusaidia si kutibu, wanasheria walilipima neno hilo."

"Lakini wewe unayajua yale maji."

"Na wewe unayajua," meneja alisema, sauti laini ile ile. "Akishamaliza kuongea mpeleke hospitali, hata gari letu chukua. Ni dakika chache."

Alimgusa mkono wa shati kana kwamba wamekubaliana, akaenda. Moshi alibaki nyuma ya nguzo. Alikuwa amejenga picha ya siku hizi mbili kichwani kwake kwa mwezi mzima: mama kwenye kiti kirefu, mkewe na glasi ya juisi, yeye akitembea mbele ya mlinzi. Kumbe yaliyotakiwa ni magoti ya mama.

Alirudi mezani, akamshika mama mkono.

"Mama, nyanyuka. Twende nikuonyeshe kitu."

"Kamera?"

"Kabla ya kamera."

*

Zulia liliishia kwenye mlango wa jikoni. Kutoka hapo ilikuwa sakafu ya saruji, kisha kokoto, kisha maganda ya magogo. Mama alitembea amevaa lile vazi jeupe la taulo na ndara laini za hoteli, fimbo mkononi, mkaza mwanawe nyuma akimshika kiuno. Watu wa dobi waliinua vichwa kutoka kwenye mapasi yao. Moshi hakumtazama mtu.

Alisukuma mlango wa bati. Joto liliwapiga usoni. Mwenzake wa zamu, jamaa mwembamba wanayemwita Kibiriti, alikuwa amebeba gogo begani, na alipoona wale wanawake wawili gogo lilibaki juu.

"Shikamoo, mama," alisema mwishowe, maana adabu haimtoki mtu hata akiwa amestuka.

"Marahaba. Mnapika nini humu?"

Kibiriti akamtazama Moshi, akaona jibu usoni mwake, akaliweka gogo chini polepole na kutoka nje. Hakutaka kuwa shahidi.

Moshi alivaa glovu zilizokuwa zimeanikwa kwenye msumari wake, akafungua mlango wa chuma. Moto ulikuwa mwekundu mpaka mwisho. Akatupa gogo, akafunga. Kisha akaliwekea mkono bomba nene lililotoka juu ya boila na kupita ukutani.

"Hili linakwenda bwawani, mama. Chini ya mawe."

Mama alilifuata bomba kwa macho mpaka ukutani.

"Chemchemi ilikufa siku nyingi. Maji ni ya kisima, yanachemshwa hapa. Hii ni chumvi. Hii ndiyo harufu." Alifungua mdomo wa gunia la unga wa njano.

Mama akainama, akanusa. Akanusa tena. Akakaa juu ya magogo na vazi lake jeupe.

Aliyepata sauti kwanza ni mke. "Nimemsomea mama kibao kile kwa mdomo wangu," alisema. "Kwa mdomo wangu. Jana ulikuwa unanisikiliza ninavyosoma. Ukanyamaza."

"Wangenifukuza."

"Miaka yote hii unaniambia mashuka."

"Wangenifukuza, mama watoto."

Mama aliinua kiganja, wakanyamaza wote wawili.

"Kwa hiyo hakuna chemchemi."

"Hakuna, mama."

"Na magoti yangu?"

"Ni joto tu. Mtu akikaa kwenye maji ya moto viungo vinalegea."

"Maji ya moto tu."

"Maji ya moto tu, mama."

Mama alifikiri. Alilitazama lile boila, zile kuni zilizopangwa mpaka darini, kisha akamtazama mwanawe.

"Sasa si ungenichemshia nyumbani?"

Aliuliza bila hasira. Aliuliza anavyouliza chumvi iko wapi. Nyumbani mkaa ulikuwa wa chakula. Mama aliogea maji ya ndoo, ya baridi, msimu wa baridi na wa joto, nyuma ya bati la bafu la uani. Kila alfajiri Moshi alipokuwa akifunga kamba za viatu alimsikia kule anaguna, mguno mmoja kwa kila kopo la maji. Yeye hakuwahi kuguna. Yeye aliogea hapa, jioni, kwa mpira uliounganishwa kwenye bomba hili hili. Aliyachemsha maji ya kutosha kuzamisha mtaa wake wote, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mama yake pia ana mwili. Alijisikia amepigwa kofi.

"Dawa nitameza," mama alisema. "Zitafutwe."

"Dereva amezileta, nimeona gari lake pale jikoni. Ziko mapokezi."

"Haya. Nionyeshe mikono."

Akavua glovu. Mama akaishika mikono, akapandisha mikono ya shati mpaka viwikoni. Kulikuwa na makovu ya moto, mengine ya zamani, mengine bado mekundu. Nyumbani huvaa mikono mirefu; mama alidhani ni unadhifu, na mkewe aliambiwa ni pasi za dobi.

"Hii ndiyo dobi?"

Moshi alijaribu kuishusha mikono ya shati.

"Wakubwa wako wanajua unavyoungua?"

"Wanajua."

"Wanakulipa kama wapishi?"

"Chini ya wapishi."

"Hm," mama alisema, akaomba asaidiwe kuinuka.

Moshi alikuwa amepanga kumwomba asiseme kitu huko mbele, waondoke kimya kimya, yeye abaki na kazi yake. Lakini baada ya lile swali la nyumbani, angemwomba mama yake nini tena? Alisema tu, "Mama, kamera tuiache. Twende zetu."

"Nimeahidi. Usiogope, sitasema nimeacha dawa."

Akashusha pumzi. Hilo lilimtosha.

*

Walimwekea kiti ukingoni, maua pembeni, mvuke nyuma yake. Alimeza kidonge pale pale, kwa juisi, meneja akifikiri ni mbegu ya tunda. Wageni walisogea na simu zao, wengine wakiwa majini mpaka shingoni. Mke alisimama nyuma ya kiti. Moshi alisimama karibu na mawe.

"Bibi, tuambie maji haya yamekufanyia nini," meneja alisema.

"Maji ni mazuri. Nisiseme uongo." Mama alizungumza wazi, akimtazama mpiga picha kana kwamba ni mkwe wake. "Magoti haya yalikuwa yamekufa. Jana yamekunjika."

Wageni wakapiga makofi. Meneja alifumba macho kwa raha.

"Lakini nyie hamna shukrani," mama aliendelea. "Tangu jana mnasifu mawe. Mawe yamefanya nini? Maji haya anayachemsha mwanangu. Yule pale. Anatupa magogo kule nyuma ya dobi mpaka mikono imeungua, chumvi anatia yeye, na ule unga wa kunuka anatia yeye. Halafu mnamlipa chini ya mpishi. Mpishi anapika chakula cha watu wachache, yeye anapika bwawa zima. Mwongezeeni mwanangu mshahara. Nimekuja kusema hayo."

Akakunja mikono mapajani, ameridhika.

Mwanamume mmoja aliyekuwa majini alitoa mkono, akautazama, akaupeleka puani. Yule mama mwenye mtoto aliuliza kwa sauti, "Anachemsha? Amesema anachemsha?" Mtu akaanza kutoka bwawani, kisha mwingine, wakinyakua mataulo. Meneja alikuwa amefumbua macho na mdomo pia. "Zima," alimwambia mpiga picha. "Zima, zima." Mpiga picha akazima. Simu za wageni ziliendelea.

Mama alimtafuta mwanawe kwa macho. Alikuwa anatabasamu, kichwa kimeinamishwa upande, kama alivyokuwa akimngoja langoni siku za matokeo ya shule. Alikuwa anangoja ashukuriwe. Moshi alimtikisia kichwa kwamba ndiyo, vizuri, mama. Kisha akakaa juu ya jiwe. Lilikuwa bado la moto.

*

Walitoka kwa mlango mdogo, karibu na mapipa. Mama Mashuka aliwaletea begi lao mpaka pale na hakumtania mtu.

"Kwani nimekosea?" mama aliuliza njiani. "Mbona yule mama mwenye sauti nzuri hakutuaga?"

"Hukukosea, mama," Moshi alisema, na mkewe akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Hoteli haikufungwa. Kibao cha shaba kilibadilishwa maneno, baadhi ya wageni walirudishiwa fedha, wengi walicheka wakaendelea kuogelea, maana maji yalikuwa ya moto na mandhari haikuwa na kosa. Kibiriti alipewa msaidizi mpya. Moshi alizunguka mjini akiuliza kazi. Kila alipotaja alikotoka, watu walimwonyesha kwenye simu zao video ya mama yake.

Mama hakuambiwa. Aligundua mwenyewe, kwa kuwa mwanawe alikuwa nyumbani siku za kazi, anarekebisha banda la kuku na kulirekebisha tena. Jioni moja alimwona uani amepiga magoti mbele ya mafiga matatu, anapuliza vipande vya mbao alivyookota kwa fundi seremala. Juu ya mafiga kulikuwa na sufuria kubwa ya kuazima. Maji yalipochemka akayamimina kwenye ndoo, akayapooza, akajaribu kwa kiwiko, akayapeleka nyuma ya bati.

Mama alikuja na fimbo yake, akasimama kando ya ndoo bila kuinama.

"Mwanangu, ni mimi niliyekumwagia unga."

"Oga, mama. Yatapoa."

"Niliona haya. Niliona ile mikono, nikasema siwezi kuondoka bila kusema."

"Najua, mama. Oga."

Akaingia. Moshi alirudi kwenye mafiga, akasukuma mbao ndani, moshi ukamwingia machoni. Kutoka nyuma ya bati alisikia kopo likizamishwa ndooni, kisha maji yakimwagika. Alisubiri ule mguno. Kopo likazamishwa tena, maji yakamwagika tena, na mama hakuguna.